Meza ya Mafuta

Nauza mafuta ya kupaka soko la Kadutu,
chini ya turubai lililoshonwa mara tatu.
Makopo nimeyapanga kama kwaya ya Jumapili,
mafupi mbele, marefu nyuma,
na kila moja limeandikwa kifuani kwa herufi za dhahabu:
Vitamini.

Neno hilo nimelitangaza miaka sita
mpaka likaisha utamu, kama muwa uliotafunwa jana.
"Njoo dada, vitamini hii inaingia hadi mfupani!"
Wakaja. Nikawapaka mgongo wa mkono, bure, wanuse.

Kumbe nyumbani, juu kule mlimani,
Nsimire wangu alikuwa anabanduka.

Sikusema amekauka. Nimesema anabanduka,
kama rangi ya geti la shule chini ya mvua ya Aprili:
kwanza madoa meusi mapajani,
kisha maganda, kisha wekundu mbichi chini yake.
Nywele zikawa ndevu za mahindi.
Miguu ikajaa. Majirani wakasema, anavyonenepa!
Nami nikashukuru.

Nilimpaka la kopo jekundu. Nikampaka la kijani.
Nikafungua hata lile la bei, la wateja wa Muhumba,
ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulijaribu.
Akanukia kama bibi harusi.
Akaendelea kubanduka.

Mama Cikwanine wa kituo cha afya hakuuliza nampaka nini.
Alibonyeza mguu kwa kidole gumba,
akakiondoa.
Shimo likabaki,
kama alama ya kidole kwenye bugali uliopoa.
"Bwaki," alisema. Neno fupi, kama mlango ukifungwa.
"Jana mtoto alikula nini?"
Bugali wa muhogo.
"Na juzi?"
Bugali.
"Kwa nini?"
Nilidhani ananiuliza sababu. Aliuliza kitoweo.
Nikautazama ukuta. Chai, nikasema. Ya sukari.

Acha niseme lote, maana nimeshaanza:
sambaza zilipita mlangoni kwangu kila asubuhi
kwenye beseni la M'Cirhuza,
bado zinameta, bado zina baridi ya ziwa,
nami nikahesabu faranga zangu
nikaongeza makopo mawili mezani.

"Ngozi ni nguo inayofumwa ndani," Cikwanine alisema
huku akiosha mikono, bila kunitazama.
"Wewe unaipiga pasi, na uzi haupo."
Uzi ni samaki, ni maharage, ni yai siku likipatikana.
Rangi yake iko kwenye mawese, kwenye karoti,
kwenye lengalenga usizozichemsha mpaka zikafa.

Tulilala pale wiki nne.
Maziwa kidogokidogo, usiku na mchana,
kama mtu anayebembeleza moto kwenye kuni mbichi.
Wiki ya kwanza uvimbe ulishuka na mtoto akabaki mifupa.
Nililia. Wakaniambia: hayo maji ndiyo yameondoka,
huyu sasa ndiye mwanao.

Ngozi mpya ilianzia nyuma ya sikio,
kipande kidogo kama kifungo cha shati,
cheusi, chenye mng'ao wake,
na hakuna kopo langu hata moja lililokipaka.

Bado nauza. Deni halijui bwaki.
Jana alikuja msichana, ana madoa usoni, harusi ni mwezi ujao,
akanyoosha mkono kwenye kopo la bei.
Nikasikia mdomo wangu ukiuliza,
"Umekula nini leo?"
Akacheka. Akaenda meza ya pili.

Faranga zake zingenifaa, sitadanganya.
Lakini saa kumi nilifunga turubai, nikampata M'Cirhuza njiani,
nikachota sambaza vikombe viwili.
Usiku, Nsimire akiwa amelala na midomo ina mawese,
nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba,
nikakiondoa.

Nyama ilirudi juu upesi,
kana kwamba inanisukuma nitoke.
Nikabonyeza tena.
Nikabonyeza tena.